Karatasi Niliyoichana kwa Mdomo

Nyinyi mnaotafsiri filamu siku hizi mnakaa chumbani na kompyuta. Mkikosea mnarudi nyuma, mnafuta, mnasema upya. Sisi tulikuwa tunasema mara moja tu. Neno likishatoka kwenye kipaza sauti lilikuwa limeshaingia kwenye masikio ya ukumbi mzima, na hakuna kitufe cha kulirudisha.

Kazi hiyo niliifanya hapa Durban toka 2008 mpaka 2015, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa moja la Sydenham, kila Jumamosi saa nane mchana. Filamu ilikuwa kwenye ukuta, mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na watu wetu wa Kongo na Burundi wakinisikiliza. Mnanipigia simu kuniuliza nilikuwa nafanyaje. Bon, nitawaambia ninayoyajua, pamoja na moja ambalo kwa miaka nimekuwa nikilikwepa.

Tuanze na maji. Yawe ya vuguvugu, na chumvi kidogo. Soda inapandisha gesi, na hakuna aibu kama kucheua katikati ya maneno ya bibi harusi. Karanga zisiguse mdomo wako tangu asubuhi. Kiti usikielekeze kwenye picha peke yake. Kikalishe upande, uone picha kwa jicho moja na watu kwa jicho la pili, kwa sababu watu ndio watakaokuambia kama umechelewa. Mtu akitokea mara ya kwanza kwenye picha, mpe jina papo hapo, jina la kwetu, fupi, na usilibadilishe mpaka mwisho. Niliwahi kumwita jambazi mmoja Safari, baada ya nusu saa nikamwita Simba, na ukumbi mzima ukaanza kumtafuta Safari amekwenda wapi. Mama mmoja alikuja kuniuliza wiki iliyofuata.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Shabani, Mtanzania wa mtaa wa Bluff aliyefanya kazi bandarini, ambaye ujanani alikuwa akitafsiri filamu kwao. Alikuwa mkali. Mara ya kwanza aliponisikia alizima mashine.

"Wewe binti, unakimbilia wapi? Huyo mtu kwenye picha kanyamaza. Kanyamaza! Wewe unamsemea nini?"

"Nilifikiri watu watachoka, mzee."

"Akinyamaza, nyamaza. Kimya chake si mali yako."

Mwaka wa kwanza nilimsikiliza. Baadaye nilijiona nimekua.

Lazima niwaambie Kiingereza changu kilitoka wapi, maana ndipo tatizo lilipolala. Wazazi wetu walifariki Uvira nikiwa na miaka kumi na minne, ndiyo kwanza niko darasa la sita. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule wiki ileile na sikurudi. Tulipofika Durban nilipata kazi ya kusafisha nyumba Westville, na Kiingereza nilikiokota humohumo: Kiingereza cha ndoo, cha pasi, cha kufunga geti na kutosahau mbwa. Kwa filamu za ngumi na bunduki kilitosha kabisa, kwa kuwa watu wa filamu zile hawana maneno mengi. Kimbia. Piga. Nitakuua. Ziko wapi almasi. Palipokuwa pagumu nilikuwa na mdogo wangu Riziki, ambaye tulijinyima wote mpaka akaingia chuo kikuu palepale Westville. Karibu kila Ijumaa tuliitazama filamu mara mbili nyumbani, yeye akinielekeza. Hiyo ilikuwa sheria yangu, na iandikeni: usitafsiri filamu ambayo hujaitazama mara mbili.

Kulikuwa na jambo jingine nililobuni mwenyewe na watu wakalipenda kuliko filamu. Pale mtu kwenye picha anapopanda ngazi au anapoendesha gari bila kusema, nilikuwa naweka mawaidha ya mtaani. "Mwoneni huyu, anakwenda ofisini mikono mitupu! Wewe usiende hivyo. Chukua fotokopi mbili, amka mapema, na usimpe karatasi yako mtu wa kwenye foleni anayesema atakusaidia." Watu wengi pale hawakujua kusoma. Wengine walikuwa na miezi miwili tu tangu wafike. Mawaidha yangu yalikuwa ya kweli, niliyauliza kwanza kwa wanaojua, na watu waliyafuata yakawasaidia. Mzee Shabani hakuyapenda. "Sasa watashindwa kujua filamu inaishia wapi na wewe unaanzia wapi," alisema. Nilidhani ni wivu wa uzee.

Jumamosi moja diski niliyoiandaa ilikataa. Niliifuta kwa shati, kwa dawa ya meno, kwa mate, ikakwama palepale. Ukumbi ulikuwa umejaa na watu wameanza kupiga miguu.

"Yaya Zawadi, filme iko wapi?" walipiga kelele. Huko kwetu dada mkubwa ni yaya, na pale ukumbini nilikuwa yaya wa wote.

"Inakuja!"

"Inakuja na miguu?"

Kwenye mfuko wangu kulikuwa na diski za zamani nilizopewa na bibi mmoja wa Westville alipokuwa anahama. Nikachomoa moja bila kuangalia. Ilikuwa filamu ya kuchekesha ya Waingereza, nyeusi na nyeupe, ya miaka ile baada ya vita vyao vikuu. London imebomoka, watu wanapanga foleni ya siagi na vitambulisho mkononi. Sikuwa nimewahi kuitazama, na Riziki hakuwepo, alikuwa na mtihani.

Ndugu zangu, Kiingereza kile sikukijua. Kilitoka puani, haraka, meno yamefungwa. Kati ya maneno kumi nilikamata moja. Lakini picha ilikuwa wazi. Kijana mwembamba, fundi wa miamvuli, anarudi kutoka vitani na kukuta mtaani kwao wameshamwekea jiwe la kaburi lenye jina lake. Anakwenda ofisini, karani anafungua daftari kubwa, anatikisa kichwa. Hapo hata mtoto angeelewa: wamemwandika amekufa. Ukumbi ulilipuka. Nani pale hakuwa na kosa kwenye karatasi yake ya ukimbizi? Mmoja wameandika jina la baba kama jina lake, mwingine wamemzeesha miaka ishirini. Niliwasikia wakicheka kicheko ambacho filamu za bunduki hazijawahi kunipa, na nikalewa.

Fundi miamvuli, ambaye nilishampa jina la Furahisha, akaenda dirisha hadi dirisha. Mwishowe mkubwa wa ofisi akampa karatasi. Wakabishana sana, sikuelewa hata neno. Ghafla Furahisha akaichana karatasi ile mara mbili, mara nne, akairusha juu, na watu wote wa kwenye foleni wakapiga makofi. Polisi wawili wakaja wakamshika mikono wakatoka naye.

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Watu wananitazama. Nikasema hivi, nakumbuka kila neno: "Mmeona? Karatasi yenye kosa hairekebishwi, jamani, inachanwa! Ukiipeleka nzima wanakurudishia na kosa lake. Ukiipeleka vipande, lazima waandike nyingine. Na sasa hawa polisi wanamsindikiza kama waziri, akachukue mpya."

Niliisema kwa sauti ileile ya fotokopi mbili na kuamka mapema.

Watu walipiga makofi pamoja na wale wa kwenye picha. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu alfajiri mlango wetu uligongwa. Alikuwa Mama Goreti, Mrundi wa mtaa wa pili, mjane mwenye watoto wawili, amevaa kitenge cha kanisani. Mama huyu kwenye karatasi yake ya ukimbizi aliandikwa mwanamume. Miaka miwili alikuwa hivyo. Kliniki walikuwa wakimtoa kwenye mstari wa wanawake kwanza ndipo waulize. Mara tatu aliomba warekebishe, mara tatu aliambiwa safari ijayo. Karatasi ilikuwa inaisha Jumanne, yaani kesho yake, na majina ya watoto wake yalikuwa yameshikizwa kwenye faili la karatasi hiyo.

"Dada, nimekuja unisindikize," alisema. "Wewe uko na Kiingereza." Akafungua mfuko wa mkate akanionyesha ndani. "Nimeichana vizuri. Vipande kumi na viwili."

Nilishika fremu ya mlango.

"Mama Goreti, kwa nini umeichana?"

"Si ulisema?"

"Ile ilikuwa filamu."

"Hata fotokopi ulisema kwenye filamu, na ilikuwa kweli." Alikuwa bado anatabasamu. "Yule mzungu alipewa mpya, si ndiyo?"

"Sijui, Mama. Sikuelewa alichosema."

"Hukuelewa?"

"Hapana."

Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo yangu ya kazi. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu ambalo mpaka leo likija nageuka kitandani: "Lakini ulisema."

Siku ile sikwenda kazini. Riziki aliamka, tukavipanga vile vipande mezani, tukavibandika kwa utepe wa gundi. Namba ilisomeka. Lakini mpasuko mmoja ulipita katikati ya picha yake, ukaacha jicho upande huu na mdomo upande ule. Kwenye daladala zao za hapa, zile wanazoita taxi, Mama Goreti aliushika mfuko kifuani, na kila gari la polisi lilipopita aliacha kupumua, nami pia. Bila karatasi nzima wangeweza kumshusha palepale, na watoto wangetoka shule wamkose.

Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi kila mtu alikuwa na ushauri. "Sema mtoto aliichana," alisema baba mmoja wa Bukavu. "Watoto wa wakimbizi wote wanachana. Ofisi imeshazoea."

"Au panya," alisema mwenzake.

"Panya hachani vipande vinavyolingana, we!"

Wakacheka. Mimi niliona ni ushauri mzuri. Mtoto hafungwi. Na kuna jambo sijawaambia: mimi mwenyewe nilikuwa na karatasi ya muda kama ya Mama Goreti, na wadogo zangu watatu walikuwa chini ya jina langu. Riziki alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Kama ingeandikwa mahali kwamba Zawadi anawaambia watu wachane karatasi za serikali, sikujua nini kingetupata. Nilikuwa nimebeba wale watoto toka Uvira bila kumdondosha hata mmoja, na sasa nitawadondosha kwa sababu ya kichekesho?

Tulifika dirishani saa tano. Karani alikuwa mwanamke wa Kizulu wa umri wangu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alivuta ile karatasi yenye makovu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Imekuwaje hii?"

Nikamgeukia Mama Goreti. "Anauliza imekuwaje."

Mama Goreti hakuwa na siri. Alianza toka mwanzo: kliniki, mstari wa wanawake, mara tatu alizorudishwa, ukumbi, filamu, fundi wa miamvuli. Alipofika penye kuchana alininyooshea kidole. Alisema, "Mwambie ni wewe uliyetuambia. Mwambie uko na Kiingereza, ndiyo maana nilikuamini." Kisha akangoja, kwa heshima, nimalize kazi yangu.

Nikamwambia yule mwanamke: "Mtoto aliichana."

Alishusha miwani machoni.

"Amezungumza dakika nzima," alisema. "Wewe umenipa maneno mawili. Tena alikuwa anakunyooshea kidole wewe. Wewe ndiye mtoto?"

Mama Goreti alikuwa amelikamata lile neno. Maneno ya Kiingereza aliyoyajua yalikuwa machache, na mtoto lilikuwa mojawapo. Akanivuta mkono. "Mtoto? Mimi nimesema mtoto?"

Vijana, mtafsiri ana mlango mmoja wa kutokea: anaposema alichoambiwa. Mingine yote ni ukuta uliochorwa mlango. Nilikuwa nimeshaugonga huo ukuta. Nikafanya kile ambacho Mzee Shabani alinifundisha siku ya kwanza kabisa, kusema maneno ya mtu kama yalivyo, kwa nafsi yake mwenyewe. Nikasema kwa Kiingereza changu cha ndoo: "Huyu ndiye aliyeniambia niichane. Yeye anajua Kiingereza, ndiyo maana nilimwamini." Nikiwa nimejinyooshea kidole kifuani, maana naye alikuwa amenyoosha.

"Ni kweli?"

"Ni kweli yote, isipokuwa pale kwenye kujua Kiingereza."

Hakucheka. Alichukua vipande vyetu akaingia ndani, na mlinzi akaja kusimama karibu na benchi letu. Alisimama hapo. Saa nzima. Mama Goreti alikuwa akihesabu watoto wanatoka shule saa ngapi, anasahau, anahesabu tena.

"Watatufunga?"

"Sijui."

"Angalau leo unasema hujui," alijibu, na hakuwa anatania.

Mwanamke yule alirudi na masharti. Niende kituo cha polisi, niandike hati ya kiapo kwa jina langu na namba ya karatasi yangu: kwamba mama huyu hakuharibu kwa ubaya, kwamba alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Nikikataa, faili lake lingeandikwa kuwa ameharibu makusudi, na hapo hata yeye asingeweza kusaidia. Nilimuuliza hati hiyo itakwenda wapi. Akasema, "Kwenye faili lake. Na labda kwenye lako. Sikuahidi."

Nilikwenda. Niliandika polepole hata polisi akaniuliza kama najua kuandika. Nilisaini. Tulirudi mbio kabla dirisha halijafungwa, na mwanamke yule akaisoma hati mara mbili, akavuta fomu mpya. Kwa kuwa ile ya zamani haikuweza tena kupigwa muhuri, ilibidi aandike kila kitu upya. Alipofika sehemu moja aliinua macho.

"Ni mwanamke, sivyo?"

Sikupata hata nafasi ya kutafsiri. "Woman!" alipiga kelele Mama Goreti. "Yes! Woman!"

Mngedhani hapo ndipo hadithi inaishia. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka tulipotoka nje na Mama Goreti akapiga vigelegele mbele ya foleni nzima. Akainua karatasi mpya juu. "Iko kweli! Nilichana, wakaandika! Zawadi alisema kweli!"

"Mama, usiseme hivyo. Ni hati ya kiapo. Ni bahati. Ni yule mama wa dirishani."

"Mimi naangalia karatasi, dada. Karatasi inasema mwanamke."

Jumatano habari zilikuwa saluni zote. Alhamisi watu walinisimamisha barabarani kuniuliza, ichanwe vipande vingapi? Nikisema usichane, wananikonyeza, wanadhani naficha ujuzi. Ijumaa nilikwenda Bluff kwa Mzee Shabani, nikamweleza yote. Jibu lake lilinishangaza.

"Kesho sema mashine imeharibika," alisema. "Na Jumamosi nyingine pia. Watasahau. Mtafsiri hakiri mbele ya watu, mwanangu. Siku ukisema hukuelewa filamu moja, watakuuliza zote."

"Na wakichana kabla ya kusahau?"

Alirudia palepale: mashine imeharibika. Alikuwa akinipenda, na alijua kazi ile ilikuwa ndiyo kitu pekee nilichokijenga kwa jina langu.

Usiku ule Riziki aliitazama ile filamu pamoja nami. Ilipofika kwenye ofisi aliisimamisha, akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Yaya," alisema, "ile karatasi siyo ya kosa. Mkubwa anampa jina jipya. Anamwambia, wewe Furahisha umekufa, kubali kuwa mtu mwingine upate chakula. Yeye anakataa, anachana. Na wale polisi hawamsindikizi. Wanamkamata kwa kuchana mali ya serikali."

Jumamosi nilikwenda na Riziki, na ukumbi ulijaa kuliko siku yoyote. Kulikuwa na nyuso ambazo sikuzijua, watu wamesimama hadi mlangoni, na karibu kila mmoja alikuwa na mfuko wa plastiki mwembamba mapajani. Walikuwa wamekuja na karatasi zao. Walitaka kuchana pamoja na Furahisha.

Nilishika kipaza sauti kabla ya picha. "Ndugu zangu, ile Jumamosi niliwadanganya. Sikuelewa filamu. Msichane kitu."

Wakacheka. Niwaambie ukweli, sijawahi kupata kicheko kikubwa kama kile. Miaka niliyowachekesha ilinigeukia. Nikiongeza neno, wanaongeza kicheko. "Anaficha!" alisema mmoja. "Endelea, Yaya, tuko naelewa!" Na katikati ya kelele ile nikasikia kitu kidogo, kavu, kutoka mstari wa mbele. Papa Byamungu, kinyozi wa saluni ya jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameshatoa karatasi yake na ameanza. Alikuwa anacheka huku anachana.

Niliangusha kipaza sauti. Nilimrukia, nikashika mikono yake yote miwili nikaibana mapajani pake, kwa nguvu, kama unavyombana mtoto asiguse moto. Alishtuka. Ukumbi ulinyamaza, kwa sababu Yaya Zawadi hakuwahi kumgusa mtu.

"Riziki," nilisema bila kugeuka, "washa. Tafsiri wewe."

Riziki aliokota kipaza sauti akaanzia palepale ofisini. Hakupamba. Mtu akinyamaza, alinyamaza. Alisema maneno ya mkubwa wa ofisi, akasema maneno ya fundi wa miamvuli, na karatasi iliporuka juu hakuna aliyepiga makofi pale ukumbini. Polisi walipoingia alisema, "Upo chini ya ulinzi kwa kuharibu mali ya serikali." Basi. Nikasikia watu wakivuta pumzi.

Kutoka nyuma sauti ya kiume iliuliza, polepole: "Yaya, na zile nyingine? Ngapi hukuelewa?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti mbele ya Papa Byamungu. "Zote zenye Kiingereza cha wazee," nilijibu. "Na vipande vya nyingine."

Kisha nikaanza kusikia plastiki, moja hapa, moja kule, halafu ukumbi mzima: watu walikuwa wanarudisha karatasi zao kwenye mifuko. Riziki aliendelea. Baadaye kidogo fundi wa miamvuli alikuwa gerezani, na mtaa wake wote ulikuwa umepanga foleni kituoni kila mtu akidai naye amekufa, aandikwe, na maofisa wameishiwa wino. Watu walianza kucheka tena, mahali pake hasa, kicheko ambacho hakikuwa changu.

Papa Byamungu aliniinamia. Mpasuko kwenye karatasi yake ulikuwa na urefu wa kidole, haujafika kwenye namba.

"Hii bado inapona?"

"Inapona, Papa. Usiiguse tena."

Aliitazama, akatazama mikono yake. "Basi ishike wewe," alisema.

Nikakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake, nikaishika karatasi ile kwa mikono miwili, bila kuikunja, mpaka filamu ikaisha.